Mazoea na Radhi: Siku ya Kawaida ya Kaskazi katika Utendi wa Mwana Kupona

Utangulizi

Katika visiwa vya Lamu miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ni miezi ya joto. Baada ya sala ya adhuhuri vichochoro hupungua watu, na mwenye nafasi ya kujinyoosha hujinyoosha. Saa hizo hazina tukio. Mwandishi wa tarikhi huziruka, kwa kuwa hakuna mfalme aliyetawazwa wala jahazi lililozama. Hata hivyo, mojawapo ya tungo mashuhuri za Kiswahili imezipa saa za namna hiyo mahali pa heshima. Katika Utendi wa Mwana Kupona tunamkuta mtu aliyelala ambaye haifai kuamshwa kwa kelele. Anapapaswa taratibu, na hewa inaletwa karibu naye kwa upepeo ili usingizi usimkatikie. Akiamka, chakula kinamngoja, na mwili wake unasingwa na kuogeshwa. Mtunzi hautaji msimu kwa jina, na sisi twasema kaskazi kwa kukisia tu; lakini msomaji aliyewahi kukaa pwani hana haja ya kuambiwa ni siku za namna gani ambazo upepeo hutafutwa.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja: mambo madogo kama haya yamepata wapi uzito wa kuingia katika wasia wa mama aliyekaribia kufa? Jibu la kawaida ni kwamba hizo ni kanuni za mke mwema na kwamba utendi wote ni kitabu cha kanuni. Sisi tutajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo ni kweli nusu. Beti za siku ya kawaida zimetokana kwanza na kumbukumbu ya mtunzi mwenyewe, na imani ndiyo iliyomwezesha kuigeuza kumbukumbu hiyo iwe kitu cha kumpa mtu mwingine. Tukilitambua hilo, tutaweza pia kuiona vizuri zaidi hatari iliyomo ndani ya utungo wenyewe.

Mtunzi na wakati wake

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, na utendi wake aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane. Inakubaliwa kwamba alifariki dunia Lamu yapata mwaka 1860. Anatuambia mwenyewe kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Anamwita binti yake, anamtaka aketi na wino na karatasi, na kabla ya kumpa maneno anamtajia hirizi na kidani cha lulu na marijani. Baada ya hapo yanafuata mafunzo: dini kwanza, kisha adabu mbele za watu, kisha radhi za wale ambao binti anawajibika kwao, na mwishoni mwa orodha hiyo, mume.

Yafaa tukumbuke Bwana Mataka alikuwa nani. Katika miaka ya 1840 Siyu ilikuwa miongoni mwa miji iliyokataa kuinama mbele ya Seyyid Said wa Unguja, na Bwana Mataka alikuwa katika safu ya mbele ya ukaidi huo. Majeshi yaliyotumwa na Sultani yalipata hasara kubwa katika kisiwa cha Pate. Kwa watu wa kizazi chake, basi, jina la Bwana Mataka lilikuwa jina la vita. Mjane wake angeweza kutunga utendi wa ushujaa, kwa maana bahari ya utendi, yenye mishororo ya mizani minane na kina kimoja kinachofunga kila ubeti, ilikwisha kutumika kwa vita vya Mtume na masahaba muda mrefu kabla yake. Hakufanya hivyo. Mume anayeonekana katika utungo huu hana upanga. Amelala, ameamka, amekula, ameoga, amenyolewa, ametiwa manukato. Mtunzi aliyeishi na tarikhi ndani ya nyumba yake ameiacha tarikhi nje ya mlango.

Uteuzi huo si wa bahati nasibu, na ndio unaotulazimisha kuuliza kumbukumbu hapa inafanya kazi gani.

Njia mbili za usomaji

Kila utungo huu unapofundishwa, darasa hugawika. Upande mmoja husema kwamba huu ni utungo wa maadili, hazina ya mila na dini, na kwamba mwanamke wa leo angefaidika kuusoma. Upande wa pili husema kwamba ni sauti ya tabaka la mamwinyi likimfunza mwanamke kujifunga mwenyewe. Miongoni mwa wahakiki walioandika tangu miaka ya 1970 na 1980, upande huu wa pili umekuwa na nguvu, na si bila sababu. Utendi unasema waziwazi kwamba mume ana neno katika hatima ya mkewe siku ya Kiyama. Kwamba kutoka nyumbani ni kwa idhini yake. Na kwamba amri yake isikataliwe. Hakuna ufundi wa uhakiki utakaoyafuta hayo.

Baadaye ilitokea njia nyingine. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitaka utungo huu ufikiriwe upya kwa kuangalia uhusiano wa lugha, ushairi na mamlaka. Kwa kweli mna sehemu zinazomruhusu msomaji kutia shaka kama mtunzi ni mnyenyekevu kiasi kinachodhaniwa. Mume anafananishwa na mtoto asiyejua kusema, na papo hapo mke anaambiwa awe macho juu ya kila kinachoingia na kutoka nyumbani. Atunzwaye kama mtoto si bwana kamili, na ashikaye hesabu ya nyumba si mtumishi mtupu.

Pande hizi mbili zinatofautiana juu ya mamlaka, lakini zinakubaliana juu ya jambo moja: zote mbili huzichukulia beti za siku ya kawaida kuwa ni maagizo. Swali lao ni kama maagizo hayo ni ya haki, au kama yana kejeli ndani yake. Sisi tunadhani liko swali linalotangulia. Kabla hazijawa maagizo, beti hizi zilikuwa nini?

Neno lililorudi

Jibu limo katika msamiati wa utendi wenyewe. Miongoni mwa mambo ambayo binti anaagizwa kumfanyia mumewe limo la kumpumbaza. Msomaji wa Kiswahili sanifu huenda akashtuka hapa, kwa kuwa siku hizi kumpumbaza mtu ni kumfanya mjinga. Katika Kiamu cha utungo huu, kumpumbaza mtu ni kumliwaza, kumsahaulisha taabu, kumfanya moyo wake utulie. Mtunzi analitumia neno hili katika hali ya kuamuru, kama anavyotumia maneno mengine ya sehemu hiyo.

Mbele kidogo sauti inabadilika. Mama anaacha kuamuru na kuanza kusimulia. Anasema aliolewa na sheikh kwa furaha na kicheko, kwamba hawakuvunjiana heshima muda wote waliokaa, na kwamba haikupita siku wakateta. Faradhi ya mauti ilipomfikia mumewe, alimkariria mkewe radhi zake. Tangu siku hiyo, anasema, kilio chake hakijanyamaa, na anataja mambo mawili yanayomliza kila ayakumbukapo: pumbao, na wingi wa mazoea.

Maneno haya mawili yanastahili kuangaliwa kwa makini. Pumbao ni nomino ya kile kitenzi tulichokiona katika maagizo. Jambo ambalo binti anaambiwa alifanye ndilo jambo ambalo mama analilia. Na mazoea ni nini ila yale yanayotendeka kila siku hata mtu akaacha kuyahesabu? Mjane wa Bwana Mataka halilii cheo cha mumewe, wala ushindi wake, wala mali. Analilia wingi wa mambo yaliyojirudia: adhuhuri nyingi, usingizi mwingi, chakula kilichoandaliwa mara zisizo na idadi.

Tukitoka katika beti hizi na kurudi nyuma kwenye maagizo, tunayasoma kwa jicho jingine. Ujuzi wa kwamba mtu aliyelala kwenye joto hutulia akipapaswa na kupepewa haukutoka katika kitabu cha fikihi. Umetoka kwa mtu aliyekaa karibu na kitanda hicho. Vivyo hivyo unyoaji, utengenezaji wa ndevu, na ufukizaji wa udi. Fikihi humfundisha mke wajibu wake kwa jumla, lakini haimwambii mkono uwekwe wapi. Mama hakuwa na njia ya kuiandika siku aliyoipoteza isipokuwa kwa kuiagiza. Alichukua kumbukumbu akaivika hali ya amri, kwa kuwa wasia ndiyo fani iliyokuwa imekubaliwa kwa mama anayesema na binti yake katika jamii ile.

Asubuhi na jioni

Hadi hapa tumezungumza juu ya kumbukumbu peke yake. Lakini kumbukumbu peke yake haitoshi kuueleza utendi huu, na ndipo tunapofika kwenye imani.

Tuangalie mfano mdogo. Binti anaagizwa amfukizie mumewe udi asubuhi na jioni. Mtunzi angeweza kutumia maneno ya kawaida ya nyakati hizo. Badala yake amechukua jozi ya maneno ya Kiarabu, ambayo kila aliyepita chuoni atayatambua, kwa kuwa yamo katika Sura ya Maryamu, aya ya 11, pale Zakariya anapowaashiria watu wake wamtukuze Mungu asubuhi na jioni. Mtu anaweza kusema kwamba mtunzi alitafuta kina, na hatukatai kwamba jozi hiyo inaingia barabara katika kina cha utendi. Lakini kina kingepatikana kwa njia nyingi. Kwa kuichagua njia hii, mtunzi ameutia moshi wa udi wa chumbani ndani ya saa za tasbihi. Kazi ndogo ya nyumba imepewa wakati wa ibada.

Hili laungana na neno ambalo ndilo mhimili wa utendi mzima, yaani radhi. Binti anatakiwa kupata radhi za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume. Radhi si sifa wala ujira. Ni kauli ya mtu anayesema: nimeridhika nawe, sina dai. Hutolewa mwishoni, aghalabu mtu anapoaga, na ndiyo maana mama anakumbuka kwa uchungu namna mumewe alivyoirudia kauli hiyo alipokuwa akifa. Kauli hiyo ilizikusanya siku zote zilizopita na kuzitia muhuri. Siku ambazo kila moja peke yake haikuwa na maana ya kutajika zilipata maana kwa pamoja siku ile.

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Mama anayo kumbukumbu, binti hana. Mama akitaja upepeo, anamwona mtu. Binti akisikia neno hilo, anasikia kazi. Maana ya siku ya kawaida, kwa yule aliyekwisha kuiishi, hupatikana kwa kutazama nyuma. Lakini binti yuko mwanzoni, na hakuna mtu awezaye kukumbuka adhuhuri ambayo haijafika. Mama atampa nini basi, ili kazi hizo zisiwe kazi tupu mpaka nazo zije kuwa mazoea? Atampa imani. Atamwambia kwamba Mungu anaiona kazi hiyo sasa hivi, na kwamba hata mume akija na ubaya, mlipaji ni Mungu. Kwa namna hii imani inafanya mbele kazi ile ile ambayo kumbukumbu inaifanya nyuma. Siku ya kawaida imesimama katikati ya hizo mbili. Ndiyo sababu utendi unafungwa kwa dua ndefu, na dua hiyo si kiambatisho cha desturi kama wengine walivyodhani. Mama amekwisha kusema yote anayoyajua. Yaliyobaki hayamo katika uwezo wake, na anayakabidhi.

Nyumba mbili za Pate

Ili tuone upekee wa jambo hili, yafaa tuulinganishe utendi huu na utungo mwingine uliotoka katika kisiwa hicho hicho. Katika Al-Inkishafi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye anakumbuka mambo ya nyumbani: taa zilizong'aa, vyombo vya kigeni vilivyopangwa katika vidaka vya ukutani, vyumba vilivyojaa watu na mazungumzo. Kisha anatuonyesha nyumba hizo hizo zikiwa magofu, popo wakining'inia ndani, buibui wakitanda, na ndege wakilea makinda yao palipokaa vyombo. Funzo lake ni kwamba moyo usidanganyike, kwa maana dunia haina dhamana.

Imani ya watunzi hawa wawili ni moja, na kisiwa ni kimoja. Kinachotofautiana ni kile wanachokikumbuka. Sayyid Abdalla anakumbuka vitu, na vitu vimevunjika. Kwa hiyo kumbukumbu yake inaelekea kwenye ubatili. Mwana Kupona anakumbuka matendo, na tendo lililokwisha kutendwa halivunjiki. Usingizi uliolindwa mwaka fulani umelindwa, na popo hawawezi kuuingilia. Hatusemi kwamba mmoja wao amekosea. Al-Inkishafi inamwonya mwenye nyumba asiabudu kuta zake. Utendi wa Mwana Kupona unauliza ni kitu gani kilichofanyika ndani ya kuta hizo ambacho kinastahili kubebwa. Fasihi yetu ya mapokeo inahitaji maswali yote mawili, na ni hasara kwamba mara nyingi tunalifundisha la kwanza kama falsafa na la pili kama adabu za jikoni.

Nani alishika upepeo?

Hata hivyo usomaji wetu usingekuwa mwaminifu kama tungeishia hapo. Katika ile picha ya mtu aliyelala, mke ndiye anayepapasa. Lakini mpeaji wa upepo anaitwa mtu tu. Hana jina wala nafsi. Huenda ni mke mwenyewe. Lakini katika nyumba ya sheikh wa Siyu, karne ya 19, ni rahisi zaidi kuamini kwamba alikuwa mtumwa. Utendi wenyewe unatusaidia kuamini hivyo, kwa kuwa mahali pengine binti anakatazwa kuchangamana na watumwa ila wakati wa kazi. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, karibu miaka hamsini baada ya utendi kutungwa.

Basi adhuhuri ile ya kaskazi ilikuwa na watu watatu, na kumbukumbu imewaweka wawili. Wa tatu amebaki kuwa upepo tu. Naye pia alikuwa na mkono uliochoka, na huenda alikuwa na kumbukumbu yake na dua yake, lakini hakuna aliyemwambia aketi na wino na karatasi. Mhakiki hawezi kumtungia maneno mtu huyo. Anachoweza ni kukionyesha kiti chake kilicho kitupu, na kukataa kusema kwamba siku hiyo ilikuwa tamu kwa wote waliokuwa chumbani.

Kasoro ya pili imefungamana na hoja yetu yenyewe. Tumesema kwamba mama ameigeuza kumbukumbu kuwa amri. Huo ndio uzuri wa utendi, na hapo hapo ndipo kosa lake lilipo. Lililokuwa mazoea kati ya watu wawili waliopendana limekuwa sheria juu ya mtu wa tatu, ambaye huenda akaolewa na mume asiyejua kicheko wala heshima. Mama anakumbuka ndoa isiyo na ugomvi, na kutokana na bahati hiyo anatoa kanuni kwa wote, kwa kuwa anasema wazi kwamba anataka wanawake wausome utungo wake. Aliyependa hupitisha alichokipenda, na pamoja nacho hupitisha kile kilichomfunga, bila kuvitenga. Wahakiki wanaoukemea utendi huu wameuona ufungo huo sawasawa. Lililowapita ni kwamba mkono ulioufunga ulikuwa ukitetemeka kwa huzuni.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba beti za siku ya kawaida katika Utendi wa Mwana Kupona hazisomeki vyema kama maagizo peke yake. Ushahidi wetu umekuwa wa aina tatu: neno la kupumbaza linalorudi kama pumbao pamoja na mazoea, maneno ya asubuhi na jioni yanayoutia udi ndani ya saa za ibada, na kimya kizito cha mtunzi juu ya vita alivyoviishi. Kwa pamoja vinatuambia kwamba mtunzi alipokaribia kufa, alipima maisha yake kwa siku zisizo na tukio, na akaiomba imani izipe siku hizo kesho ambayo yeye asingeiona.

Pendekezo letu kwa walimu ni dogo. Utungo huu usifundishwe kwa kukatwa beti za mume na kuachwa zile za kilio na dua. Mwanafunzi asomaye maagizo peke yake atautii au ataukataa, na katika hali zote mbili hatakuwa ameusoma. Mwanafunzi atakayefika kwenye neno mazoea atalazimika kurudi mwanzo na kuanza tena, na safari hii atamwona mama na binti wameketi, karatasi katikati yao, na joto la mchana likiwa nje. Akisha kuwaona hao, tumwombe amtafute pia yule aliyeshika upepeo.